Saa ya Hannelore

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo Midrand, kwenye godauni la maboti. Bwana Karimu kanunua boti ya starehe mnadani, ya Kijerumani, ina vyumba na jiko. Anataka viti vyote nivivishe upya. Nikazunguka nyuma kusoma jina — Hannelore! Ni ile ile! Mwaka 2012 nilikuwa mfagizi wake kule Durban, kwa bwana mmoja mwenye hoteli. Humo ndimo nilimopewa jina la mwizi.

Karimu hajui lolote, masikini. Kamwoa Zabibu baadaye. Anasema mkewe ndiye aliyeing'ang'ania boti hii, nyingine hakuitaka hata kuiona. Zabibu! Mpishi wetu wa Durban. Ndiye aliyeapa kwamba aliniona natoka chumbani kwa bwana na ile saa ya dhahabu iliyopotea. Sasa hivi yuko Dar, ananunua nguo za harusi ya mdogo wake, Shufaa. Sherehe ya wanawake itakuwa tarehe 27, humo humo botini, kwenye bwawa la Vaal Dam.

Kazi nimeichukua. Ningeikataaje?

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mito yote imefika karakana kwangu, Fordsburg. Naivua nguo moja moja na kila nguo ina mwenyewe. Juu, plastiki nyeupe ya yule wa Pretoria aliyeitelekeza boti bandani miaka kumi na mitatu. Chini yake mahameli ya bluu ya bwana wetu wa hoteli — na madoa niliyoyasugua mpaka kucha zikakatika bado yapo! Halafu mistari ya kijani ya tajiri wa Cape Town. Chini kabisa, kitambaa kizito kama blanketi. Hicho ni cha mwenyewe wa kwanza, daktari wa meno wa Bremen, aliyeiunda boti mwaka 1974 akaipa jina la mkewe.

Daktari aliacha na saa yake ya mkononi, ya dhahabu. Mgongoni imechorwa jina la boti. Kila aliyeinunua boti alikabidhiwa na saa, ndiyo ilikuwa desturi. Mpaka ikapotea zamu yangu.

Polisi walinilaza siku tisa, hawakuona kitu, wakaniachia. Watu hawakuniachia. Harusini sikabidhiwi hata ufunguo wa stoo. Mama kafa Tanga akiamini alizaa mwizi. Hilo simsamehe Zabibu. Simsamehe!

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimeipata.

Mto wa mbele, ule mrefu. Mahameli yalifumuliwa zamani yakashonwa tena kwa mkono, na mshono umelalia kushoto. Zabibu ni wa mkono wa kushoto. Mshono ule nilimfundisha mimi! Alikuwa hajui hata kutunga sindano. Ndani, ndani ya sponji, kitambaa cha jikoni, na ndani yake saa.

Nililia. Kisha nikacheka peke yangu kama mwehu. Ndiyo maana kaing'ang'ania boti! Bwana aliiuza mwezi ule ule, ikaenda zake Pretoria na saa tumboni, mwizi akabaki mikono mitupu. Nimeitia ufunguo. Inakwenda!

Victorine, Mkongomani tunayepanga naye karakana, kaja mbio kusikia vicheko. Nikamweleza yote. Akasema, "Eish, Maman Saida. Ile saa peleka kwa polisi. Kisasi ni ya Mungu." Sawa. Lakini Mungu si Athumani, na mimi ndiye aliyepelekewa mto.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Zabibu karudi, kanipigia simu. Hata salamu hakumaliza. "Ule mto wa mbele umeufungua?" Nikamwambia bado, dada, nitauvisha juu kwa juu tu. Nikamsikia akishusha pumzi. Anataka kuja kuuchukua yeye mwenyewe. Nikasema mito yote nitaileta Jumamosi, boti ikiwa majini.

Alasiri alikuja hata hivyo. Nilikuwa ndani, nimefunga mlango, namsikiliza anavyogonga. Alikaa nusu saa nzima! Raha niliyoisikia sijaisikia tangu Durban.

Pale ilipokuwa saa nimeweka kifuniko cha chupa ya soda. Akikalia, akisikie.

Jumamosi, 27 Septemba 2025

Vaal Dam, katikati ya maji. Karimu ndiye aliyenialika, asante yake kwa kazi nzuri. Zabibu aliponiona rangi ilimtoka.

Wanawake tupu. Nahodha kafungiwa huko mbele, nyuma ya pazia nililolishona mimi. Simu zote zimekusanywa kwenye kapu tangu gatini, asipigwe mtu picha kichwa wazi. Nami naandika hapa pembeni, wanadhani nahesabu mishono.

Zabibu kaukimbilia mto wa mbele kabla ya bibi harusi. Kakaa, kajisogeza, kajisogeza tena — kakisikia! Uso ukamkunjuka. Tangu hapo hajanyanyuka. Pilau kaletewa. Shufaa kamwita acheze naye, kasema goti linamuuma. Analinda kifuniko cha soda!

Nimevaa baibui yenye mikono mirefu. Victorine kanipigia asubuhi kunisihi tena. Nikamwambia Durban mimi hakunisihia mtu.

Bi Mwanaasha, ambaye ndiye mkubwa wetu humu, kauliza sasa hivi: "Jamani, saa ngapi? Adhuhuri isitupite." Kila mtu kapapasa simu, hana. Mmoja huko nyuma kasema, "Muulizeni Saida, si ndiye aliyeondoka na saa!" Boti nzima imeangua kicheko. Zabibu kacheka kuliko wote, mpaka kashika mbavu, na hajanyanyuka.

Bi Mwanaasha hajacheka. Ananitazama, anangoja jibu.

Naweka kalamu. Nakunja mkono wa baibui.