Miguu ya Lavonne

Kambini, karibu na Quartzsite, Arizona
Januari 27, 1994

Mdogo wangu Lavonne,

Nakusalimu kutoka kwenye jua lisilojua adabu. Mimi ni mzima, ukiacha kiganja cha kulia ambacho wewe na daktari mmeshachoka kusikia habari zake. Natumaini nawe u mzima, na kwamba bomba la jikoni kwangu halijaganda tena. Umeandika kwamba huko baridi imeshuka nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri, na kwamba umezoa theluji kwenye njia yako, ukazoa kwenye yangu, kisha ukaenda kuzoa ya mchungaji kwa kuwa analalamika kiuno. Pole kwa kazi. Mimi leo nimeanika shuka saa tatu asubuhi, na kufika saa nne zilikuwa zimekauka. Sikuambii haya ili nikuringie. Basi, labda kidogo.

Barua yako ya tarehe kumi niliichukua posta juzi. Umeniuliza mambo mawili: nitarudi lini, na huyu D. Vondra wa Nebraska ni nani, aliyekutumia kadi ya kukutakia nafuu mwezi wa saba, na mwezi wa tisa akakutumia mkebe wa mafuta ya kuchua viungo. Kiangazi uliniuliza swali hilo hilo, nikakujibu huenda ni mtu wa kile kipindi cha dini redioni. Ukaniamini, mafuta ukampaka mbwa miguuni. Sasa umeliona jina lake nyuma ya picha ya kambi ya msimu uliopita niliyokutumia Krismasi, maana Maxine wa hapa kambini aliandika majina ya wote nami sikuangalia. Una haki ya kuuliza. Nitakujibu yote mawili, ila kwa mpangilio wangu, kwa sababu nikianza na mwisho hutausoma mwanzo.

Desturi ya kambi yetu unaijua nusu. Kila mtu huzungushia mawe eneo la trela anayolala, na mbele huweka jiwe bapa lenye jina lake kwa rangi. Mwezi wa nne tukitawanyika, mawe yanabaki. Hakuna mlinzi wala karatasi, lakini ukirudi Novemba utaikuta nafasi yako haijaguswa na mtu, labda mijusi tu. Nusu ya pili sijawahi kukuandikia. Mwaka Mpya ukipita na mtu hajaonekana, Maxine, mama mmoja wa Oregon anayetuamrisha wote bila kuchaguliwa na yeyote, hupiga simu kwao. Ikiwa ni msiba, tunabeba viti vyetu saa kumi alasiri, tunaizunguka ile nafasi, kila mmoja anasema neno lake, kisha jiwe linageuzwa uso chini. Kwa umri wetu huu haupiti mwaka bila jiwe kugeuzwa. La shemeji yako Clayton liligeuzwa miaka minne iliyopita.

Delmar Vondra ni jirani yangu hapa, mawe yake yanatazamana na yangu. Ana miaka sabini na mmoja, mkewe alifariki zamani, na maisha yake yote amekuwa fundi wa kuchomelea vyuma vya wakulima. Msimu wa kwanza baada ya Clayton nilifika hapa na trela nisiyojua kuirudisha nyuma. Wanaume sita wakasimama wakinipungia mikono, kila mmoja upande wake. Delmar aliwafukuza kama kuku, akaja dirishani, akaniambia nishike usukani kwa chini, mkono uende kule ninakotaka trela iende, na nisimsikilize mtu, hata yeye. Trela iliingia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kwake, au yeye akija kwangu, kwa kahawa ya alasiri. Ni mtu wa maneno machache, na huwa anaosha kikombe chake mwenyewe.

Mwaka huu Delmar hakuja. Novemba ikaisha, Krismasi ikapita, mawe yake yamekaa kimya. Kisha akafika Wendell wa Dakota Kusini, mtu ambaye ulimi wake haujui Jumapili, akatuambia alipita Nebraska njiani na kuiona trela ya Delmar imeegeshwa kando ya barabara na kibao cha kuuzwa, majani yamefika kwenye magurudumu. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Hapa kwetu mtu haiuzi trela yake akiwa hai. Nyumba atauza, shamba atauza, meno ya dhahabu pia, lakini trela huuzwa na watoto baada ya mazishi. Maxine alikwenda mjini kupiga simu mara mbili, ikaita hadi ikakata. Akarudi akasema hakuna haja ya kuwasumbua wafiwa.

Basi tarehe nane tukaketi. Viti kumi na vinne. Wendell alisema marehemu alikuwa na roho safi, na kwamba koleo lake alilomwazima bado analo na hajui sasa amrudishie nani. Mwingine alisema marehemu alimchomelea ngazi bure. Ilipofika zamu yangu nikasema neno langu, ambalo nitakueleza hapo chini. Kisha jiwe likageuzwa, nikarudi ndani nikalala na viatu.

Siku tisa baadaye, mchana kweupe, marehemu aliingia kambini akiendesha pikapu yake.

Alikuwa amevaa miwani nyeusi ya hospitali, maana alipasuliwa jicho Desemba, na daktari alimkataza kuendesha gari hadi katikati ya Januari, ndiyo sababu alikuwa kwa binti yake na simu ya nyumbani haikuwa na mtu. Nyuma alikokota trela mpya, kubwa kuliko ile ya zamani. Aliirudisha kwenye mawe yake mara moja, mkono chini ya usukani, akashuka, akalitazama jiwe lake, akauliza ni nani aliyelilaza kifudifudi. Wote tulikuwa tumetoka nje. Wendell akasema ni upepo. Delmar akasema upepo wa huku basi umeota mikono. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wale wote kumi na watatu, akavua kofia, akaniuliza, "Na miguu ya mdogo wako inaendeleaje?"

Lavonne, keti kama umesimama.

Machi iliyopita Delmar alinitaka tuishi pamoja. Hakupiga goti, magoti yake hayo hayapigiki tena. Alisema tu kwamba ni upumbavu watu wawili kuchemsha birika mbili zilizo hatua ishirini na mbili kutoka moja hadi nyingine, kwa kuwa alikuwa amezihesabu. Nami nilimwambia siwezi, kwa sababu nina mdogo wangu nyumbani aitwaye Lavonne ambaye miguu yake imepooza, hatoki kitandani asiposhikwa, na hana mtu duniani ila mimi. Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Wewe unayezoa theluji ya nyumba tatu. Aliosha kikombe chake, akaniahidi hatanisumbua tena. Anwani yako aliinakili kutoka kwenye bahasha iliyokuwa juu ya meza yangu. Ndiyo asili ya kadi, na ndiyo asili ya mafuta uliyompaka mbwa.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia kweli. Kweli ilikuwa fupi: nimeshamuuguza mwanamume mmoja miaka mitatu, nimemgeuza kitandani, nimemsikiliza akitafuta pumzi, nimemzika, na sikutaka kuanza upya na mwingine. Niliogopa. Lakini mwanamke wa miaka sitini na nane akisema anaogopa, watu watamwonea huruma, nami huruma siipendi. Akisema ana mgonjwa nyumbani, watu humwachia njia. Nikakupa wewe ugonjwa.

Na hilo ndilo nililolisema siku ya jiwe. Niliwaambia kwamba nilimdanganya marehemu, kwamba mdogo wangu ana miguu imara kuliko farasi, kwamba nilimkataa Delmar ili nisije nikamzika, na tazama, ninamzika vilevile, bila hata kupata asubuhi moja ya kahawa pamoja naye. Niliyasema kwa sababu nilidhani hayupo wa kuyasikia.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi akingoja habari ya miguu yako. Kambi nzima inajua, yeye peke yake hajui. Nilifungua kinywa, yakatoka maneno kwamba unaendelea vizuri. Delmar akafurahi. Akasema basi nije nione kitu. Akanipeleka kwenye mlango wa ile trela, akaufungua, akanionyesha kwamba ni mpana, kiti cha magurudumu kinapita. Akanionyesha ngazi ya chini kabisa, hata mtoto anapanda. Kando ya mlango kuna chuma cha kushikia, amekichomelea mwenyewe, kimeviringishwa ngozi ili baridi isichome kiganja. Ndani kuna kitanda cha pili, kimewekwa karibu na dirisha linalotazama milima. Alisema alifikiri kiangazi chote, akaona kwamba mimi sikumkataa yeye, nilikataa kukuacha wewe, na mtu asiyemwacha nduguye ni mtu wa kufanyiwa mpango. Ile trela ya zamani mlango wake ulikuwa mwembamba, ndiyo maana akaiuza.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilikaa kwenye hicho kitanda chako nikamwambia yote, kuanzia miguu hadi jiwe. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama uliwahi kuyapaka yale mafuta. Nikamwambia habari za mbwa. Alitikisa kichwa, akatoka nje, akalisimamisha jiwe lake, akaingia upande wa mbele wa pikapu akakaa humo mpaka jua lilipozama.

Siku tatu hakuja kwa kahawa. Mimi nilichemsha birika kila alasiri, nikanywa kahawa peke yangu, nayo ilikuwa chungu. Wengine walikuwa na furaha yao. Siku hizi hawamwiti Delmar, wanamwita Marehemu. Marehemu, umelala vipi? Marehemu ameomba chumvi. Wendell alikwenda kumrudishia koleo akamwambia, "Chukua mzee, huku duniani linakufaa zaidi." Delmar alilichukua bila kucheka. Siku ya tatu ilitangazwa upepo mkali, nikamwona kupitia dirishani amepiga magoti, yale yasiyopigika, akikaza kabari chini ya magurudumu ya trela yangu. Hakubisha hodi. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka, nikasimama pale nikalia kidogo, kisha nikaingia kupika tambi.

Siku ya nne alikuja na kikombe chake. Alikunywa nusu. Alisema amelifikiria. Uongo ni uongo, nao umemuuma, hasa kwa vile alikuombea kila Jumapili kwa jina. Kuogopa kumzika hakukuwa kosa, maana hata yeye haipendi kazi hiyo. Tena si watu wengi waliopata kusikia wangesemwa nini wakifa, na yeye ameambiwa yote na Maxine, tena kwa kirefu, na katika yote yaliyosemwa kwenye viti kumi na vinne la kwangu ndilo pekee lililomfanya ajute kwamba amekufa. Hapo alicheka, nami nikacheka. Halafu akasema kitanda kimeshawekwa, chuma kimeshachomelewa, na yeye hachomoi kitu alichokichomelea. Lazima mtu alale hapo.

Sasa nakujibu swali la kwanza. Birika imebaki moja. Trela yangu imesimama mahali pake, ila silali humo tena, na nimeachia wengine kazi ya kuhesabu hatua. Sitarudi tarehe moja mwezi wa nne kama miaka mingine. Nitarudi Mei, na sitarudi peke yangu. Bado ninaogopa, Lavonne. Kila akikohoa ninahesabu. Lakini ninahesabu nikiwa karibu.

Kuna jambo lingine la kukuungamia, na hili halimhusu Delmar. Ni majira ya baridi ya tisa sasa ninakuja huku, na wewe ni ya tisa unalinda bomba langu na kuzoa theluji yangu, na sijawahi hata mara moja kukwambia njoo. Nilijiambia hupendi jua. Sikukuuliza. Ilibidi mtu asiyekujua, tena aliyedanganywa, ndiye akufikirie kitanda. Naomba unisamehe kwa yote mawili, kwa miguu na kwa mwaliko uliochelewa.

Basi mwachie mchungaji funguo za kwangu, na koleo la theluji umwachie pia, kiuno kitapona. Basi la abiria la kutoka huko Minot huondoka Jumatatu, na Delmar atakupokea Phoenix. Atakuwa na kofia mkononi. Usimcheke akikutazama miguu kabla ya uso, amekuwa nayo moyoni tangu Machi. Msalimie mchungaji na mkewe, na wale wote wa kwaya wanaoniulizia. Mbwa mlete, Delmar anataka kuona kama mafuta yamemsaidia. Maxine anakusalimu, na anasema jiwe lako ameshalipaka rangi.

Na ukifika, ukipanda ile ngazi, kishike hicho chuma. Najua hukihitaji. Kishike tu, atakuwa anatazama.

Ni mimi dada yako,
Ardis