Neno "Sijui"

Jumanne, baada ya magharibi

Neno "sijui" lina uzito gani hata likanishinda asubuhi?

Kwenye kizuizi cha barabara ya Itsandra, mamluki mmoja mzungu alipekua mkoba wangu akatoa jedwali la njia. Programu yangu ililitoa jana tu: kompyuta tano za shule zetu, na kila ujumbe upitie ipi ili ufike. Kila kompyuta tumeipa jina la mwalimu anayeitunza. Wazo langu hilo, ili tucheke.

Yeye hakucheka. Aliona majina ya watu watano na mishale.

"Hawa wanapelekeana nini?"

"Alama za mitihani, bwana. Ni mashine, si watu."

Akapitisha kidole taratibu, kisha akauliza swali ambalo hata wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza: "Ni yupi akizimwa, wengine wote wananyamaza?"

Nami, kwa kupenda sifa, nikafurahi kwamba hatimaye kuna mtu ameielewa kazi yangu. Nikamwonyesha. "Huyu, Bakari wa Mutsamudu. Wote wanapitia kwake."

Akaliandika jina, akanirudishia karatasi.

Nimekuwa nikipiga simu Mutsamudu, kisiwa cha pili, tangu adhuhuri ili nimwonye Bakari. Jioni ndipo mke wa Bakari alipopokea. Askari wamemchukua mumewe shuleni, hawakusema wanampeleka wapi. Kompyuta hawakuigusa.

"Shemeji," akaniuliza, "nani amewapa jina lake?"

Hapo nikalipata lile neno. Nikasema sijui.