Mama Mkwe, Keki za Samaki na Mpira Ulionipita

Shangazi Ianthe mpendwa, salamu kwanza, kisha uniokoe kabla Alhamisi haijafika, maana Alhamisi tunacheza fainali na Jumamosi naoa, na kwa jinsi mambo yalivyo naweza kuvikosa vyote viwili.

Mimi ni mchezaji wa kriketi wa kulipwa, mrushaji wa mipira ya kasi wa timu ya kisiwa, jina nalificha, na usidhani najisifu nikisema watu wananitambua, kwa sababu hapa Barbados mchezaji kutambuliwa si sifa, ni mateso, kila mtu anaijua kazi yangu kuliko mimi. Kinyozi amenishika kichwa ananiambia nirushe mipira mirefu, nikitoka pale muuza madafu ananiambia nirushe mifupi, daktari wa meno ameshanijaza vyuma mdomoni ndipo ananiuliza kwa nini mkono wa kushoto naushusha mapema na anasubiri nimjibu, na mchungaji anayetufundisha mambo ya ndoa mimi na mchumba wangu Keziah aligusia uvumilivu kidogo tu, muda wote uliobaki akanisimamisha katikati ya kanisa nimwonyeshe ninavyokimbia kabla ya kuachia mpira. Hao wote nimewazoea. Nawaambia "asante, nitafanyia kazi" na napita zangu.

Shida yangu ni mama yake Keziah, Bi Eudora.

Bi Eudora aliuza samaki sokoni Oistins miaka na miaka, biashara ameiacha lakini sauti haijastaafu, na kila tukicheza nyumbani yeye yuko jukwaa la mashariki, safu ya mbele kabisa, ana kengele ya mkono, boksi la barafu na bakuli la keki za samaki za kukaanga lililofunikwa kwa taulo, na tangu nilipomposa binti yake haniiti tena kwa jina, ananiita cheo. "Mkwe! Vuta soksi!" Navuta. "Mkwe! Unakimbia kama umekopeshwa hiyo miguu!" Uwanja mzima unacheka. Siku ile na Guyana mambo yalizidi, alisimama juu ya kiti akapaza sauti, "Mkwe, huyo haoni mpira wa miguuni! Mpelekee miguuni!" na kabla sijaanza kukimbia mpigaji wa Guyana akamgeukia, akavua kofia, akamwambia, "Nashukuru sana, mama," kisha mpira wa miguuni nilipompelekea akaupiga mpaka ukaangukia kwenye maegesho ya magari. Sasa hata wapinzani wananiita Mkwe, nikishika gongo zamu yangu ya kupiga ikifika wanasema, "Karibu, mkwe, nyumbani hawajambo?"

Hayo nayo ningeyameza, Shangazi, lakini nusu fainali na Jamaika ndiyo imenimaliza. Nilikuwa nimerusha mpaka bega linaniuma, nahodha wetu Corbin akanituma nikapumzike kule kwenye mstari wa mpaka wa uwanja, na upande wenyewe ulikuwa ule wa mbele ya jukwaa la mashariki. Wajamaika walikuwa wamebakiwa na wapigaji wao wa mwisho. Nikasikia nyuma yangu, "Habari za mchana, mkwe." Sasa wewe ni mtu wa hapa, unajua, mkubwa akikusalimu ukanyamaza utasemwa mpaka kwenye msiba wako. Nikageuka. "Habari za mchana, mama." Kumbe safu yote ni kina mama wa kanisani kwake, na kila mmoja akatoa salamu yake, na kila mmoja nikamwitikia, nikaulizwa na habari za goti la babu yangu, nami nikaeleza. Bi Eudora akapenyeza mkono kwenye uzio akanipa mkate na keki mbili za samaki, pilipili imejaa, akasema, "Kula, unakonda, watu watasema binti yangu anakuja kufunga ndoa na ufito." Nikapokea. Kukataa chakula cha mama mkwe mtarajiwa mbele ya kanisa lake lote, Shangazi, wewe ungethubutu?

Ndipo Corbin akapiga ukelele, "Juu! Juu! Mkwe, juu!" Nikatazama juu, mpira unanishukia mimi, nikiudaka tu mpigaji ametoka, mpole kabisa, mpira ambao bibi yangu angeudaka huku akisuka ukili. Mtu mwenye akili zake angetupa mkate. Mimi nilimtazama Bi Eudora usoni nikashindwa. Nikaunyooshea mpira mkono mmoja, ukanigonga kidole, ukavuka mpaka, Wajamaika wakaongezewa pointi. Mkate haukudondoka. Hata kipande.

Tulishinda baadaye kwa kuponea chupuchupu, lakini televisheni wamerudia picha ile mpaka imechakaa, kuna kijana ameshanitungia wimbo, na Corbin aliniweka pembeni chumba cha kubadilishia nguo akaniambia, "Chagua. Alhamisi yule mama akikaa pale, wewe unakaa benchi." Nikampelekea Keziah habari hizo nikidhani atanionea huruma. Akaniambia, "Kiti kile mama yangu amekikalia tangu mimi sijazaliwa. Akiondolewa kwa ajili yako, Jumamosi utasimama kanisani wewe na mchungaji, mfanye mazoezi yenu ya kukimbia."

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Tulipokwenda kucheza Antigua, ambako Bi Eudora hakuja, uwanja ulikuwa kimya, sikumtoa mpigaji hata mmoja, na kila nikirudi kuanza kukimbia nilijikuta natazama jukwaani nikimtafuta mtu wa kuniambia nivute soksi. Kwa hiyo hata kumwondoa, Shangazi, sijui kama nataka.

Basi nimepata wazo. Alhamisi asubuhi, wakati wa kupasha misuli moto, nitashika paja, nitachechemea, nitasema msuli umekaza. Nisipocheza hakuna wa kufukuzwa, hakuna wa kununa, na Jumamosi naoa kwa amani. Je, nitakuwa nimekosea? Tafadhali usinizungushe.

Ni mimi, Mwenye Mashaka, Saint Philip.


SHANGAZI IANTHE ANAJIBU

Mwenye Mashaka,

Soksi zako zinaporomoka kweli. Hilo mama wa watu hajakusingizia.

Jina umeficha, halafu ukaniandikia mkate, keki mbili na kidole kilichogongwa na mpira. Kwani kisiwa hiki kina wangapi waliofanya hivyo? Mhariri wangu alipofika kwenye mkate akaanza kuimba ule wimbo. Lakini sawa, tuendelee kujifanya hatujuani.

Pole, mwanangu, na nasema pole ya kweli. Kazi yako ni ngumu, na ni ngumu zaidi kuifanya mbele ya watu ambao kila mmoja ana hakika angeifanya vizuri zaidi kama si kazi yake ya benki. Sitaki kujiunga na kinyozi wako. Ila daktari wa meno yuko sahihi, mkono wa kushoto unaushusha mapema, nimeuona kwa macho yangu, ushikilie juu mpaka bega ligeuke. Basi. Nimemaliza. Sisemi tena.

Sasa tuje kwenye hilo paja.

Wewe kijana, hivi umefikiri vizuri? Unamjua Bi Eudora kuliko mimi. Ukishika paja, unadhani atakaa kitini anapiga kengele? Atavuka uzio na chupa ya mafuta ya kuchua, atakulaza kwenye nyasi mbele ya timu mbili na kamera zote, na ile mikono iliyobeba samaki miaka yote hiyo itakukanda mpaka ukiri mwenyewe. Na tuseme umesalimika. Jumamosi je? Utaingia kanisani unachechemea? Kwenye dansi utacheza na mguu upi? Utapona lini, na utamwambia nini mkeo siku ukiusahau mguu wako mgonjwa ukapanda ngazi mbilimbili? Unataka kuanza ndoa kwa uongo ambao itabidi uutembelee kila siku. Acha upuuzi.

Tukitoka hapo twende kwa nahodha wako, naye ana yake ya kujibu. Uwanja ni duara. Kuna mpaka pande zote. Mtu mzima na akili zake anamchukua mrushaji aliyechoka, anamweka hatua chache kutoka kwa mama mkwe wake na boksi lake la barafu, halafu anashangaa! Upande wa magharibi wanakaa watalii wa Kiingereza, wakishakula mchana wanalala, hawamsalimu mtu wala hawamlishi mtu. Mwambie Corbin akupeleke huko. Mwambie leo, usingoje Alhamisi. Na mwambie kwamba hakuna nahodha aliyewahi kumtoa Bi Eudora kwenye kiti kile, na walinzi wa mlangoni wote wamekula keki zake, hivyo hilo la kumwondoa bora alisahau tu.

Hapo nimekutatulia la mpira. La pili ni zito zaidi, na hili usilicheke.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Humo ndani kila mtu amesema lake. Kinyozi amesema, muuza madafu amesema, mchungaji, nahodha, Keziah, hata yule wa Guyana alivua kofia akashukuru. Wewe umesema "habari za mchana" na "nitafanyia kazi". Unamrushia mtu mpira kwa kasi ya kumvunja mbavu, lakini mwanamke mmoja mwenye taulo na bakuli hujamwambia neno moja la kwako, zuri wala baya. Yeye anadhani anakusaidia. Hajui kwamba mpigaji naye ana masikio, hata yule wa Guyana alipomshukuru nadhani aliona ni adabu tu. Na hajui kwamba Antigua ulimtafuta jukwaani. Hilo la pili ndilo linaloniuma, maana hilo angelifurahia mpaka akalala na kengele mkononi, nawe umeniandikia mimi, mtu baki, badala ya kumwambia yeye.

Kwa hiyo sikiliza, na usiongeze lako.

Jumatano jioni nenda kwake. Nenda na Keziah, ila mwambie mapema kwamba siku hiyo yeye hasemi, anasikiliza. Salimu kila aliyemo, kaa, kula chochote utakachowekewa. Ukishakula, anza na Antigua. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, bila kupamba. Mpe muda aseme "mimi nilijua". Kisha mwambie: "Mama, ushauri wako nautaka, lakini unipe asubuhi kabla sijatoka nyumbani. Mchezo ukianza, mpigaji anasikia yote unayosema. Na chakula nitakifuata mwenyewe mchezo ukiisha." Usiseme ni Corbin aliyekutuma. Usiseme "watu wanasema". Sema ni wewe.

Atanuna. Jiandae kwa hilo. Atafunika sufuria kwa kishindo, atamuuliza Keziah kama ndiye huyu mwanamume aliyempata, atasema basi Alhamisi haji kabisa, abaki nyumbani afue mapazia. Wewe kaa pale pale. Usiombe radhi kwa jambo ambalo hujakosea, wala usirudishe maneno uliyokwisha kuyatoa. Mapazia hatayafua. Alhamisi atakuja, tena mapema kuliko siku zote, ili wewe uone kwamba hakusemeshi.

Suala la soksi mwachie. Hilo halimsaidii mpigaji yeyote, na huwezi kumnyang'anya mama wa watu vitu vyote kwa siku moja.

Na kama nimekosea, kama mama atakataa kabisa na Keziah akasimama upande wake mkavunja uchumba, utaumia, sikudanganyi, na mimi mwenyewe nitakupikia uje ulie kwangu. Lakini afadhali ujue Jumatano kwamba ndani ya nyumba ile huruhusiwi kusema, kuliko uje ulijue ukiwa tayari na watoto watatu. Mimi sidhani itafika huko. Mwanamke anayekubeza mbele ya uwanja mzima halafu anahofia unakonda, huyo ameshakupokea, amebaki kuzoea kwamba una mdomo.

Alhamisi nitakuwa jukwaa la mashariki, safu ya pili, nyuma yake kabisa. Nikikuona umeshika paja, sitangoja gazeti la wiki ijayo kukujibu.