Pointi Zangu, Zawadi ya Bosi Wake

Merle, uko? Shemeji Dwight amechoma pointi zangu za kulungu, zile zinazokupa nafasi kwenye bahati nasibu ya leseni za kuwinda. Zote.

Sitanii. Nakula mbavu kwa dada, shemeji akainua chupa: "Tumepata leseni! Mimi, wewe na bosi wangu!"

Na bosi wake! Ameingiza namba yangu kwenye ombi la leseni la kundi bila kuniuliza. Pointi kumi na nne, moja kwa kila mwaka niliokosa leseni, nilizoliwekea bonde la milimani alilowinda marehemu baba. Kazimalizia kwenye eneo la tambarare, kwa sababu bosi hapandi milima.

"Shemeji, kulungu ni kulungu. Acha roho mbaya," Dwight akasema.

Kanuni iko wazi: kundi zima likirudisha leseni kabla ya msimu, pointi zinarudi. Nikamwambia arudishe. "Bosi nimwambie nini?"

Nikampigia bosi mwenyewe, palepale mezani, spika wazi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwani hizo pointi si za Dwight? Aliniambia ni zawadi yake kwangu."

Zawadi yake, Merle!

Bosi anarudisha leseni yake. Yangu nimesharudisha. Imebaki ya Dwight. Amejifungia kwenye lori lake uani, na simu yake inaita humo ndani: ni bosi anampigia.