Walioruka Ukuta wa Kwao

Jumatatu, 5 Mei
Nimefagia uani, nimepasi shati, nimesoma kurasa sita za Biolojia kabla ya uji. Kaka Shabani alishaondoka kwenda mazoezini. Ni golikipa wa timu yetu ya hapa Mikumi. Jumamosi wanamaliza ligi na Kilosa, hapa hapa. Sare inatosha. Wakifungwa wanashuka daraja, na mkataba wake unaishia hapo. Msimu huu hakuna timu iliyotufunga nyumbani. Hata moja. Watu wanasema ni kelele za mashabiki. Mimi nadhani ni mazoea. Kaka anakijua kila kipara cha nyasi golini kwake.

Jumatano, 7 Mei
Asubuhi, nikienda shule, nimepita uwanjani. Ukungu mzito. Ngiri alikuwa amepiga magoti mbele ya geti, anachimba. Nimesoma kwamba ngiri hupiga magoti wakila. Huyu hakuwa anakula chochote. Aliponiona hakukimbia. Alimaliza kwanza, ndipo akaondoka.
Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 8 Mei
Mlinzi wa uwanja ameona udongo uliochimbwa getini. Kufikia saa nne mji mzima unajua: Kilosa wamefukia kitu. Kamati ya timu imechimbua hadi magotini. Hakuna kitu. Hilo ndilo limewatisha zaidi. Imeamuliwa wachezaji wasipite getini. Wataruka ukuta wa nyuma.
Baada ya shule nilisimama nje ya ofisi ya kamati karibu nusu saa. Sentensi nilikuwa nayo, fupi tu. Mzee mmoja akatoka, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nina shida gani. Nikasema sina.
Najichukia.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemwambia kaka. Alicheka. Kisha akaacha kucheka.
"Nakuamini, mdogo wangu. Lakini nikipita getini peke yangu halafu nikafungwa, watasema ni mimi."
Wali wake haukuguswa.

Jumamosi, 10 Mei
Wameruka. Mmoja mmoja, viatu mkononi. Ukuta wao wenyewe. Basi la Kilosa likafika wakati huo huo, wakawaona. Mmoja akatoa kichwa dirishani: "Wageni, karibuni! Mbwa tumemfunga!" Basi zima likacheka. Wakaingia nalo getini, wakaenda kuvaa jezi katika chumba chetu.
Mashabiki wetu wengi walibaki nje, wamepanga mstari kando ya barabara kama wanasubiri maiti. Tulioingia hatukushangilia. Mimi pia sikuweza. Nilikuwa nasikia mpira ukigusa nyasi. Kaka aligeuka mara kwa mara kuzishika nguzo za goli, moja, halafu nyingine, kama mtu anayepapasa mlango katika nyumba asiyoijua. Aliokoa mitatu migumu. Dakika ya themanini na moja ukaja mpira wa kichwa, mwepesi, mtoto angeudaka. Aliruka kulia. Ukapita kushoto kwake, taratibu.
Hakuna aliyepiga kelele. Hata Kilosa walichelewa kushangilia.
Moja bila.

Jumapili, 11 Mei
Kaka ametoka chumbani mchana. Amesema jambo moja tu: "Nilipotua ndani ya ukuta, sikuujua uwanja." Mama akamwambia anywe uji. Hatukuuliza zaidi.
Majirani wanapita kutoa pole. Wanasema dawa ya Kilosa ni kali. Wanasema kwa heshima, sauti chini. Nilikuwa pale pale, nimeshika sahani. Ningesema. Sasa hata nikisema, nani atataka kusikia kwamba alikuwa ngiri?

Jumanne, 20 Mei
Kaka amekwenda Kilangali, kutafuta kibarua kwenye shamba la mbegu. Ameaga vizuri. Glovu ameziacha.
Jioni nimerudi kwa njia ya uwanjani. Watoto wa darasa la nne walikuwa wanakuja kucheza. Geti lilikuwa wazi kabisa. Wao walikuwa kwenye ukuta, wanapandishana migongoni, wanadondokea ndani. Nikamuuliza wa mwisho kwa nini hawapiti getini.
"Shikamoo, dada," akasema kwanza. Kisha akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni, kwamba wachezaji huingia hivi.
Nikapita getini peke yangu, vitabu kifuani. Mpira ukasimama. Wote wakasogea pembeni kunipisha, ingawa uwanja ulikuwa mpana.