Meza ya Oda na Programu ya Bhavna

Jumatatu, 3 Novemba

Chai, mandazi, kompyuta. Programu ya zamani ya barua pepe imeondolewa wikendi. Nimefungua hii mpya, sijui hata niko wapi. Barua zilizokuwa juu ziko chini, zilizokuwa chini sizioni kabisa.

Ameileta Bhavna, binti ya Mzee Kanti. Yeye mwenyewe anaitumia tangu mwezi wa sita. Ndiye anayeendesha duka la pampu sasa, maana daktari amemwambia baba yake abaki nyumbani Loresho. Hakunizungusha. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo niwe nimeizoea. La sivyo, meza ya oda inahamia tawi la Industrial Area na mimi narudi stoo kuhesabu mabomba.

Sirudi stoo. Nimekaa meza hii tangu Lavenda wangu akiwa darasa la pili, na sasa yeye ndiye mwalimu wa darasa la pili.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejifunza kitu. Ukituma barua haiondoki papo hapo. Inasubiri kidogo, ukijuta unaivuta mkia inarudi. Ningekuwa na kitufe kama hiki mdomoni, mimi na wifi yangu tungekuwa bado tunasalimiana.

Kitu cha pili sikipendi. Inafunga barua zenye kichwa kimoja pamoja, kama mboga za sukuma wiki za fungu sokoni. Barua chungu nzima, mstari mmoja. Usipofungua huoni kilicho ndani.

Kimani wa kaunta amepita akanicheka. "Mama Lavenda, wee finya tu kila kitu. Haiumi."

Jumatano, 5 Novemba

Nimefinya.

Kikasha kilikuwa bado kimejaa salamu za Diwali, sikukuu ya Wahindi ya mwezi uliopita. Kila muuza vali na muuza nyaya anatutakia heri, halafu wanajibizana wao kwa wao na sisi tumo katikati. Nikagundua kitufe cha kunyamazisha. Ukikifinya, barua za kichwa hicho haziingii kikashani tena, hata zije mpya. Nikatafuta neno Diwali, nikazinyamazisha zote kwa mpigo mmoja.

Kikasha cheupe. Nimejisikia mtu mkubwa. Chakula cha mchana nimeongeza chapati.

Ijumaa, 7 Novemba

Kumepoa. Oda chache mno. Mzee hajaandika tangu juzi, na si kawaida yake. Wateja wake wa zamani hawapigi simu dukani. Wanampigia yeye nyumbani, naye anatuandikia mimi na Bhavna, asubuhi hadi jioni. Kimani anasema labda amechoka. Nilitaka kumpigia simu, nikaona nitamsumbua mgonjwa.

Nimetengeneza saini yangu. Inajitokeza yenyewe chini ya kila barua: jina, halafu Mhudumu wa Oda. Nimejitumia barua ili niione tena.

Jumatatu, 10 Novemba

Maji nimeyavulia nguo, lazima niyaoge. Leo mchana sikutoka kula. Nimejifunza kuiwekea programu sheria: barua ya fulani iende pale, ya fulani iwekwe nyota. Mara ya kwanza nilikosea, barua za kampuni ya mizigo zikaingia kwenye takataka. Nimezitoa, nimepanga upya. Kuuliza si ujinga. Nimeuliza kila mtu humu, mpaka askari wa mlangoni.

Nikipanda ngazi nyumbani Riruta magoti yanauma, kichwa kinauma. Haidhuru.

Jumatano, 12 Novemba

Siku mbaya.

Mama Njoki amekuja kutoka Mutuini na gambuti zake za shamba, zina matope. Ni mteja wa Mzee tangu zamani. Hakusalimia.

"Nilipigia Mzee wiki iliyopita nikamwambia pampu imekufa. Akasema ashaandikia Everlyne. Si wewe ndio Everlyne?"

Ndiyo mimi.

"Basi miche yangu inakauka na wewe umekaa hapo unafinya kompyuta."

Nikaandika jina lake kwenye sehemu ya kutafuta. Ikatokea. Kichwa: Heri ya Diwali.

Mzee Kanti hajawahi kuanzisha barua mpya maishani mwake. Miaka mingi nyuma alitutumia mimi na Bhavna salamu za Diwali, na tangu siku hiyo akitaka kuandika lolote anafungua salamu zilezile na kujibu. Pampu, likizo, bomba lililopasuka, pole za msiba. Yote yanakuja kama Heri ya Diwali. Tumezoea mpaka hatukioni tena kile kichwa. Nami ndicho nilichonyamazisha.

Nimezisoma zote. Oda, oda, oda. Kisha: "Everlyne, barua nafika?" Kisha: "Everlyne iko mgonjwa?" Ya jana: "Kama duka haitaki mimi tena, sema tu. Mimi taelewa."

Nimelia chooni. Nimenawa uso. Nimepigia kila mteja aliyetajwa humo, nikaomba radhi. Kimani ameipeleka pampu Mutuini kwa pikapu leo leo. Kisha nimempigia Mzee. Simu imelia weee, hakushika.

Alhamisi, 13 Novemba

Ningeweza kunyamaza. Oda zimeshatoka, Bhavna hajui lolote, kesho ananipima. Lakini Mzee angebaki na lile neno lake moyoni, kwamba duka halimtaki. Hilo siliwezi.

Nimepanda ofisini kwa Bhavna. Nimemwambia ni mimi niliyenyamazisha barua za baba yake, si programu. Nimeshazifungua. Nimeweka sheria kwamba barua ya Mzee, iwe na kichwa chochote, inakaa juu kabisa na nyota yake. Kama ni stoo, aniambie leo.

Hakuniangalia. Akafungua barua zake mwenyewe, akanigeuzia skrini. Heri ya Diwali, na kando yake alama ileile ya kunyamazisha.

"Mimi nilizima June," akasema. "Alikuwa anaandika sana. Nilijua wewe utamjibu."

Sikujua niweke wapi macho. Akachukua funguo za gari, akaenda Loresho kabla ya chakula. Simu za ofisi yake nimezishika mimi mpaka jioni.

Ijumaa, 14 Novemba

Bhavna amekuja macho yamevimba. Hakunipima chochote. Amesema meza ya oda haihami, na wale wa Industrial Area watakuja kwangu niwafundishe.

Nimesema sawa. Nimeshuka ngazi polepole kwa heshima zote, na nilipofika chini nimemkumbatia Kimani mpaka kalamu yake ikaanguka. Nina furaha. Nina furaha sana.

Jumatatu, 17 Novemba

Dereva amemleta Mzee dukani. Daktari amemruhusu asubuhi moja tu. Amekonda, shati linampwaya. Nimemwekea kiti kando yangu, nikamwonyesha pa kuanzia barua mpya.

Aliogopa kufinya. Sikumharakisha. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kwa Kigujarati, kwa hiyo sijui alisema nini na sikuuliza. Kichwa aliacha wazi. Programu ikamuuliza kama kweli anataka kutuma bila kichwa. Akasema, "Hii nauliza sana," akatuma.

Ilikuwa ya Bhavna, aliye ghorofani juu yetu.

Tukakaa tunatazama skrini, mimi na yeye. Hakuna jibu lililokuja. Nikasikia viatu vya Bhavna kwenye ngazi. Nikasimama nikamwachia kiti changu, nikaenda kaunta kumsaidia Kimani.