Mikono Miwili ya Kushoto

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za mwanao, huyu binti yangu anayerefuka kuliko sketi ninazomshonea. Sisi wazima. Goti lako je, limekubali dawa?

Wiki iliyopita nilifanya kosa la mwanafunzi. Nilikata mikono ya gauni la bibi harusi bila kukunja kitambaa, yote miwili ikatoka ya kushoto. Mimi huyu, fundi wa miaka tisa. Kitambaa kilikuwa kimekwisha na dukani hakipo tena. Mafundi wenzangu walikuwa wameenda kula; chumba cha kushonea tulibaki mimi na mwanao, maana shule zimefungwa, naye alikuwa chini ya meza akichambua vifungo. Ningesema mteja alileta kitambaa pungufu, nani angebisha? Nilijua nikikiri naweza kufukuzwa.

Ndipo nikakukumbuka siku gauni la mwalimu lilipoungua kwa pasi. Nilikuwa na miaka minane, nyuma ya pazia la chumba chako cha kushonea. Mwalimu hata hajaketi, ukamwambia, “Nimeliunguza mimi. Nitakushonea jingine.”

Basi nikamfuata fundi mkuu, tunayemwita Bwana Futi kwa kuwa hata kula anakula na futi ya kupimia shingoni, nikamweleza. Mteja nikampigia mwenyewe. Alilia, kisha akakubali gauni lisilo na mikono. Bwana Futi alininunia siku mbili, lakini kazi ninayo.

Juzi mwanao akanijia jikoni bila kuitwa. “Mama, kioo nimekivunja mimi. Nitaokota vipande.” Sikuwahi kumfundisha hilo kwa mdomo. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wangeongeza kwamba anakua huku anakuchungulia.

Nikamkumbatia kwa furaha, kisha nikaona haya. Dada, pasi ile hukuiacha wewe juu ya gauni. Ulipotoka kuchota maji niliishika mimi, nikitaka kunyoosha kama unavyonyoosha. Gauni lilipotoa moshi nikakimbilia nyuma ya pazia. Ukadhani umeisahau, ukashona siku tatu bila malipo, nami nikatazama kimya. Miaka ishirini na sita sasa.

Nimeliunguza mimi. Nisamehe. Na ahsante, dada, maana hata ujasiri wa kukuandikia haya nimeutoa kwako, siku ile ile niliyokukosea.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na hilo goti ulipumzishe. Mwanao anasema atakuja likizo ijayo na vioo vyako hatavigusa.

Mimi mdogo wako,
wa nyuma ya pazia